Kuendesha baiskeli kwenye changarawe kando ya mto: uliza kwanza njia ilijengwa kwa kazi gani

Mtu akitazama ramani ya bonde huona mstari wa bluu wa mto, na kando yake mstari wa vidoti. Papo hapo anaamua: tambarare, hakuna magari, kilomita 80 ni mchezo. Nusu ya hayo ni kweli, maana magari hayapo. Lakini utambarare, uimara wa ardhi na kasi utakayopata vinategemea jambo ambalo ramani nyingi hazionyeshi: njia ile ilikuwa ya kazi gani kabla baiskeli hazijaanza kupita. Karibu kila njia isiyo na magari bondeni ilijengwa kwa shughuli nyingine. Kuna zilizokuwa reli, za kuvutia mashua, matuta ya kuzuia mafuriko, njia za kukagulia mabomba ya maji, na njia za matrekta. Kila shughuli iliacha mwinuko wake, kokoto zake na ubovu wake. Ukijua asili ya njia, maswali ya tairi, gia na muda yanajijibu kwa kiasi kikubwa.

Reli iliyong'olewa

Treni haipendi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo, hivyo wahandisi wa njia nyingi kuu walijitahidi mwinuko usizidi asilimia 2 au hapo karibu, hata kama ilibidi kukata kilima au kumwaga tuta refu. Ndiyo maana reli ya zamani ni njia rahisi kuliko zote bondeni kwa mtu mwenye mizigo, mwenye mtoto nyuma, au mwenye magoti yanayolalamika.

Chukua Great Allegheny Passage kule Marekani, kama kilomita 241 kati ya Cumberland na Pittsburgh, iliyokamilika mwaka 2013. Ukianzia Cumberland unapanda kutoka kama mita 190 juu ya usawa wa bahari hadi mita 729 kwenye mgawanyo wa maji, kilele ambacho mito hutoka ikielekea pande mbili, ndani ya kilomita 38 hivi. Mwinuko wa wastani haufiki asilimia 1.5. Ukishavuka pale, zaidi ya kilomita 200 zilizobaki zinafuata mito kuelekea chini taratibu. Ukianzia Pittsburgh mambo yanageuka: unapanda siku nzima bila kuona mlima wowote mbele yako, kisha unamalizia kwa mteremko mmoja mrefu.

Huo mwinuko usioonekana usiudharau. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 90, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mwinuko wa asilimia 1 tu unamdai kama wati 50 za ziada. Kwa mwendeshaji wa kawaida hiyo inaweza kuwa theluthi ya nguvu anayoweza kuitoa kwa saa kadhaa. Anayepanga safari kwa kuangalia jumla ya mita za kupanda atashangaa kwa nini amechoka wakati grafu ilikuwa kama meza. Tena hakuna mahali pa kuacha pedeli ukajiachia. Kwenye reli ndefu kinachokushinda kwanza ni makalio na viganja, kwa sababu hujabadili mkao kwa saa mbili. Kila baada ya dakika kumi hivi simama kwenye pedeli kwa mizunguko ishirini, ubadilishe na mahali pa kushika usukani, hata kama huhisi haja. Ukisubiri ganzi ianze umechelewa.

Kinachoharibu utaratibu wa reli ni madaraja yaliyoondolewa. Mahali pengi reli ikifungwa, chuma cha daraja huuzwa kama chakavu. Njia ya baiskeli ikifika pale hushuka ghafla hadi kwenye kijito, halafu hupanda upande wa pili. Vipande hivyo vinaweza kufika asilimia 10 au 12. Ni vifupi, lakini kule chini kuna rundo la kokoto zisizotulia, kwa sababu mvua huzisomba na kuzikusanya hapo. Shusha gia kabla hujaanza kuteremka, maana ukifika chini ukiwa na gia nzito utabadilisha kwa nguvu huku cheni imebanwa, na hapo ndipo inapokatika. Kwa hiyo unapopanga, hesabu matawi ya mto yanayoingia upande wa njia yako, moja moja, na kila moja ulikague kwenye picha ya satelaiti uone kama daraja lipo.

Mahandaki nayo yana tabia zake. Big Savage, kwenye njia hiyohiyo ya Allegheny, lina urefu wa kilomita moja hivi na hufungwa majira ya baridi ili barafu isiliharibu. Mtu asiyejua hufika mlangoni akakuta kufuli. Hata handaki fupi linahitaji taa ya mbele ya lumeni 300 au zaidi, taa nyekundu nyuma, na miwani ya jua uvue kabla ya kuingia. Mashimo huwa pale maji yanapodondoka kutoka darini. Ukisikia matone, punguza mwendo.

Chini ya tabaka la juu la njia hizi mara nyingi bado kuna kokoto kubwa za reli, zenye ukubwa wa sentimita 3 hadi 6. Tabaka la juu likisombwa, unapanda juu ya zile kubwa. Reli za zamani za injini za mvuke nazo mara nyingine zimejaa majivu ya makaa yaliyoganda: meusi, yanapitisha maji vizuri sana, lakini yana kingo kali zinazokwangua tairi pembeni.

Njia za kuvutia mashua

Kabla ya reli, mizigo ilipita kwenye mifereji iliyochimbwa sambamba na mito, na nyumbu au farasi walivuta mashua kwa kamba wakitembea kandokando. Mfereji wa Chesapeake and Ohio nchini Marekani, unaofuata mto Potomac kutoka Georgetown hadi Cumberland, ndio mfano mzuri. Una kilomita 297, una malango 74 ya kupandishia mashua, na tofauti ya kimo kutoka mwisho hadi mwisho ni kama mita 184. Gawanya utaona: kati ya lango na lango njia ni bapa kabisa, halafu kwenye lango inaruka mita 2.5 hivi kwa mkupuo. Hakuna mlima, ila kuna vijipandio vifupi ambavyo vinakukuta na gia nzito.

Shida ya njia hizi ni udongo. Mfereji lazima ushike maji, kwa hiyo wajenzi waliupaka mfinyanzi uliokandwa. Mfinyanzi huo hauchagui; unazuia maji yasitoke mferejini na unazuia yasipenye njiani. Reli ya zamani hukauka saa chache baada ya mvua. Njia ya kuvutia mashua inaweza kukaa na madimbwi siku kadhaa, na chini ya kila dimbwi kuna tope lenye kina usichokijua. Ukipanga safari inayounganisha reli na mfereji, kama wengi wanavyofanya pale Cumberland, usitumie kasi ya reli kukadiria mfereji. Kwa mwendeshaji yuleyule, kilomita 19 kwa saa kwenye reli kavu huwa 14 au 15 kwenye mfereji mkavu, na 10 au 11 ukiwa umelowa.

Jambo la pili ni mizizi. Canal du Midi nchini Ufaransa, uliokamilika mwaka 1681 na wenye urefu wa kilomita 240, ulipandwa miti kingoni ili kuleta kivuli na kushika udongo. Mizizi hiyo leo inapita juu ya njia kama ngazi zilizolala. Kuanzia Toulouse kuna lami nzuri kwa kilomita 50 hivi. Baadaye udongo na mizizi vinachukua nafasi. Mzizi mkavu unaopita moja kwa moja mbele yako hauna neno. Mzizi uliolowa unaopita mshazari ndio unaoangusha watu: gurudumu la mbele linaufuata badala ya kuuvuka. Nyosha usukani, inua uzito kidogo kutoka kwenye siti, acha breki, vuka kwa pembe iliyo karibu na mraba.

Chini ya madaraja ya matao njia hubana hadi upana wa mtu mmoja, na upande mmoja ni maji. Piga kengele kabla hujafika kwenye tao, kisha subiri jibu. Handaki la Paw Paw kwenye mfereji wa Potomac, lenye mita kama 950, linavukwa kwa kutembea ukisukuma baiskeli. Njia ni nyembamba, ina giza na haiko sawa. Wanaobisha hili huwa hawajaliona.

Matuta, mabomba na mashamba

Tuta la kuzuia mafuriko lina faida moja kubwa: liko juu, kwa hiyo linakauka. Zaidi ya hapo ni suala la uvumilivu. Halina kivuli, halina kinga ya upepo, na mara nyingi ni nyasi zenye alama mbili za magurudumu ya gari la ukaguzi. Nyasi fupi kavu zinakuibia nguvu kuliko kokoto nzuri. Nyasi ndefu zilizolowa ni adhabu. Kagua picha za karibuni, kwa sababu tuta lililofyekwa mwezi huu na lililoachwa miezi mitatu ni njia mbili tofauti.

Njia za huduma za mabwawa na mabomba ni hazina ambayo wengi huiruka. Zilijengwa kwa mizigo mizito, kwa hiyo msingi wake ni imara. Elan Valley Trail huko Wales, kama kilomita 14, inapita kwenye reli iliyojengwa kubeba mawe ya mabwawa yanayopeleka maji Birmingham. Mto wenyewe umegeuka maziwa, na njia inapanda kando ya mabwawa taratibu. Tatizo la njia za namna hii ni ruhusa: nyingi zina malango yenye kufuli, na alama ya vidoti kwenye ramani haina maana kwamba umeruhusiwa kupita.

Njia za matrekta ndizo zinazounganisha vipande vyote hivi, na ndizo mbovu kuliko zote. Ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap inazipanga ngazi tano, grade1 hadi grade5. Ya kwanza ni ngumu karibu na lami, ya tano ni udongo au nyasi tupu. Kwa tairi za milimita 40 grade2 ni raha, grade3 inapitika kukiwa kukavu, grade4 ni ya kubahatisha. Angalia pia neno la aina ya uso: compacted (iliyoshindiliwa) na fine_gravel (kokoto ndogo) ndivyo unavyovitaka. Neno gravel peke yake kwenye ramani hiyo linakusudiwa kwa mawe makubwa yaliyovunjwa, ingawa wachoraji wengi hulitumia ovyo kwa kokoto za kila aina. Usiliamini bila picha.

Kusoma kokoto

Njia nzuri ya changarawe ina tabaka mbili. Chini kuna mawe makubwa yaliyoshindiliwa, unene wa sentimita 10 hadi 15. Juu kuna kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi lake lenyewe, ukubwa kuanzia vumbi hadi milimita 6 au 10. Vumbi ndilo gundi: likimwagiwa maji na kushindiliwa, linafunga kokoto zikawa kama sakafu. Njia inatakiwa kuinama kidogo upande mmoja, au kutuna katikati, asilimia 2 au 3, ili maji yatoke. Pale inapokosa mwinamo, maji hutuama, vumbi hugeuka uji, husombwa, na kinachobaki ni mawe yasiyoshikana. Ukiona kokoto safi zinazong'aa, ujue vumbi limeondoka na mshiko umeondoka nalo.

Kuna pia kosa la kutumia kokoto zilizochotwa mtoni. Ni za karibu na hazina gharama ya kusagwa, lakini maji yamezilainisha zikawa mviringo, na mawe mviringo hayakamatani hata ukiyashindilia mwaka mzima. Kuyapita ni kama kupita juu ya gololi. Hapo usipige breki ya mbele na usikate kona. Acha usukani utikisike kidogo mikononi, kanyaga gia ya wastani bila kuacha, tazama mbali. Mikono inayokaza ndiyo inayokuangusha.

Kwenye njia yenye alama mbili za magurudumu, pita ndani ya alama. Mgongo wa katikati unabeba mawe yaliyorushwa kutoka pande zote mbili. Kwenye kona mawe hujikusanya upande wa nje, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona ukiwa wima, kisha pita bila breki. Ukiona vijiwimbi vya kufululiza vinavyokutetemesha meno, hiyo ni dalili kwamba magari yanatumia kipande hicho, liseme lolote bango la mlangoni.

Tairi. Kwa bonde lenye mchanganyiko wa reli, mfereji na mashamba, milimita 40 hadi 45 ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Milimita 32 hadi 35 zinatosha kwenye reli kavu tu. Meno makubwa hayahitajiki. Katikati laini na pembeni vijino vidogo vinatosha, kwa kuwa tope la mfinyanzi huziba meno ya aina yoyote. Upepo ndio watu wanaukosea zaidi, na karibu kila mara wanauzidisha. Mwendeshaji wa kilo 70 hadi 75 mwenye tairi ya milimita 40 isiyo na tyubu aanzie psi 30 mbele na 33 nyuma. Akiwa na tyubu aongeze 5, vinginevyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yanayotazamana. Kwa milimita 45 punguza 3 au 4. Ukibeba mizigo nyuma, ongeza nyuma tu. Kipimo cha haraka: ukikaa kwenye siti, tairi ya nyuma itanuke kidogo chini, lakini ukipita juu ya jiwe usisikie rimu ikigonga.

Gia nyepesi kuliko zote iwe na uwiano wa 1:1, yaani meno ya mbele yalingane na ya nyuma, au iwe nyepesi zaidi. Meno 40 mbele na 11 hadi 42 nyuma inatosha. Bonde lenyewe halihitaji gia hiyo. Unaihitaji unapolazimika kutoka bondeni kwa sababu njia imekatika, na kutoka bondeni siku zote ni kupanda ukuta.

Upepo na maji

Siku ya jua bila dhoruba, upepo wa bondeni una ratiba. Mchana miteremko ikipata joto, hewa hupanda na bonde kuelekea mto unakotoka. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka na mto. Kwa safari ya kwenda na kurudi, hili lina thamani kuliko tairi ghali: teremka na mto asubuhi mapema, rudi mchana upepo ukikusukuma mgongoni wakati unapopanda. Ukifanya kinyume utapanda asubuhi dhidi ya upepo na kurudi alasiri dhidi ya upepo, halafu utalaumu miguu. Upepo mkubwa wa hali ya hewa ya nchi nzima ukivuma, ratiba hii inafutika. Ujue pia kwamba hewa baridi hukaa chini bondeni alfajiri. Kwenye nchi za baridi, daraja la mbao linaweza kuwa na barafu nyembamba wakati njia kabla yake na baada yake ni kavu.

Mafuriko ndiyo hakimu wa njia hizi. Reli ambayo leo ni Katy Trail, kama kilomita 386, kwa sehemu kubwa kando ya mto Missouri, ilisimama kutumika mwaka 1986 baada ya mafuriko. Kipande cha kwanza cha baiskeli kilifunguliwa mwaka 1990, na mafuriko ya 1993 yakaharibu sehemu kubwa. Reli iliwekwa kati ya majabali na mto kwa sababu hapo ndipo palipokuwa bapa, na palikuwa bapa kwa sababu mto ndio uliopamwagia tope kwa karne nyingi. Hakuna ukarabati unaoweza kubadili hilo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda angalia vipimo vya kina cha mto upande wa juu, usiangalie mvua ya hapo ulipo tu. Kijito hujaa na kupungua ndani ya saa chache. Mto mkubwa huchukua siku, na unaweza kukukuta umejaa chini ya anga jeupe. Maji yakishapungua yanaacha tabaka la tope laini, sentimita 2 hadi 5, ambalo juu linaonekana limekauka na kupasuka, chini bado ni sabuni. Ndani yake hujificha seng'enge na matawi yenye miba.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye pindo la mto. Maji hula ukingo wa nje wa pindo na kutupa mchanga upande wa ndani. Njia inayopita ukingo wa nje inaweza kubaki nzima juu huku chini yake pameliwa. Tafuta ufa unaokwenda sambamba na mto. Hata ukiwa na upana wa kidole kimoja, shuka, pita mbali upande wa shambani kama kuna nafasi, au rudi. Siku za kawaida kaa angalau mita moja na nusu kutoka ukingoni.

Maji yanayotembea juu ya njia usiyavuke kwa baiskeli. Nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo ni mara nne. Maji ya magotini yenye kasi yanamwangusha mtu mzima, sembuse aliyeshika baiskeli inayoyapa eneo zaidi la kusukuma. Yaliyotuama ni habari nyingine, lakini yakifika kwenye habu za magurudumu yanaingia kwenye beringi, na beringi za krenki hazikawii kuanza kusaga.

Kinachoharibika njiani

Pancha za miba ni nyingi baada ya wakulima kupogoa uzio wa miti wa mashamba, kwa kuwa vipande vidogo hubaki njiani wiki kadhaa. Tairi isiyo na tyubu hushinda hapa: weka mililita 60 hivi za maji ya kuziba kwa tairi ya milimita 40, na uyakague kila baada ya miezi miwili au mitatu, mapema zaidi kwenye joto. Tundu la milimita chache huzibwa kwa kamba ya mpira inayochomekwa. Mwenye tyubu apapase ndani ya tairi polepole kwa vidole kabla hajaweka mpya. Mwiba mmoja ukibaki, tyubu ya pili haitafika kilomita moja.

Kinachomaliza safari moja kwa moja ni kile kipande chembamba cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma, mafundi hukiita hanga. Mambo huenda hivi: mfinyanzi unajaa kati ya tairi na fremu, unachanganyika na nyasi, nyasi zinajisokota kwenye magurudumu madogo ya kibadilisha gia, cheni inakwama, mwendeshaji anakanyaga kwa nguvu zaidi, na kibadilisha gia kinavutwa ndani ya spoki. Pedeli ikiwa nzito ghafla, simama. Kwangua kwa kijiti, toa nyasi kwa mkono, kisha uendelee, au ubebe baiskeli hadi pakavu. Hanga za baiskeli hazifanani, kwa hiyo nunua ya baiskeli yako na uifunge kwa utepe chini ya siti. Ongeza kiungo cha haraka cha cheni, kifaa cha kukatia cheni, tyubu mbili hata kama tairi zako hazitumii tyubu, pampu, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani pale tairi inapochanika.

Madgadi ziache nafasi ya milimita 10 juu ya tairi. Nafasi ikiwa ndogo, jiwe hukwama na kulifungia gurudumu la mbele, na hakuna muda wa kujirekebisha.

Wenye njia wengine

Njia haina magari, ila ina wenyewe. Farasi ogopa kumshtua kwa kengele; sema kwa sauti ya kawaida ukiwa bado mbali, punguza, mpite kwa upana mkubwa mwenye farasi akikuruhusu. Ng'ombe mwenye ndama usipite kati yao. Shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, zunguka. Lango liache ulivyolikuta, la wazi liwe wazi na lililofungwa lifungwe, kwa kuwa mkulima ameliweka vile kwa sababu zake.

Wavuvi wa ndoano ndio wanaosahaulika. Fimbo zao za kisasa zina urefu wa mita kadhaa na mara nyingi zimelala kukatiza njia, rangi nyeusi juu ya ardhi nyeusi, na mtu anayetupa ndoano hurudisha kamba nyuma yake kwanza, kwa kimo cha uso wako. Ukiona kiti kidogo na ndoo ukingoni, simama kabisa, sema, subiri anyanyue. Kulipa fimbo iliyokanyagwa ni aghali, na kutoa ndoano shavuni kunahitaji daktari.

Ukirudi

Vumbi la chokaa likilowa hushika kama saruji, kwa hiyo osha siku hiyohiyo. Tumia ndoo na brashi, au bomba la mpira lisilo na kasi; mashine ya kusukuma maji kwa nguvu itaingiza uji huo ndani ya beringi. Cheni ifute hadi kitambaa kisitoke cheusi, ikauke, ndipo uweke tone moja la mafuta kwenye kila pini, subiri, ufute ya nje yote. Mafuta yanayobaki nje ndiyo yanayokusanya vumbi la safari ijayo. Pedi za breki za diski zitoe uziangalie: safari moja ya mvua kwenye mchanga wa mtoni inaweza kula pedi laini hadi karibu na chuma, wakati zile za unga wa chuma hudumu zaidi ingawa hupiga kelele. Zikibaki milimita moja ya nyenzo, badilisha kabla ya kutoka tena.